Embe Limeanguka Mbele ya Daktari

Wiki iliyopita niliwaacha nimejifungia chooni nyuma ya jukwaa, najipaka dawa ya mafua chini ya macho ili machozi yanitoke. Aliyeikosa sehemu ile nitamweleza kwa ufupi, maana uchafu wangu sina hamu ya kuuchambua mara mbili.

Nilifukuzwa saluni kwa kuunguza nywele za mke wa mwenye jengo. Nikakaa nyumbani mpaka mama akaanza kugonganisha sufuria makusudi ili nisikie. Ndipo nikakutana na mwanamke tunayemwita Bi Redio, kwa sababu redio yake ya mkononi, ile ya kuitana na wenzake kazini, haimtoki mdomoni hata anapokula. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Unajua kuanguka?"

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Akanichukua siku ileile. Kuna mwimbaji anajiita Daktari wa Mioyo. Mashabiki wanafupisha, wanamwita Daktari basi. Akifika kwenye wimbo wake wa polepole, mimi nazimia mbele ya jukwaa. Wabeba machela wananipandisha juu, Daktari ananigusa paji la uso, ananiimbia puani, nami nafumbua macho. Uwanja mzima unapagawa. Watu wanarudi makwao wakiapa kwamba wameona mtu ameponywa kwa wimbo.

Siko peke yangu. Kwa lugha ya kazini tunaitwa maembe, maana tunachotakiwa ni kuiva na kuanguka. Tunafunga kitambaa cha njano kichwani ili wenye kamera na wenye machela watujue. Mchumba wangu aliniona kwenye runinga nikizimia kwa ajili ya mwanamume mwingine, akanitema palepale. Nami nisingeweza kumwambia ukweli, kwa sababu embe likifungua mdomo, Bi Redio analitupa.

Haya, tumeenda sawa. Sasa nisikilizeni ya tamasha lenyewe.

Siku hiyo nilipoamka, mdogo wangu alikuwa ameshavaa. Huyu ni mtoto wa mwisho wa mama yetu, na kifua chake ni cha pumu tangu yu mtoto. Mimi na yeye tunafanana mpaka majirani wanatuchanganya. Anampenda Daktari vibaya sana. Picha yake ameibandika ukutani juu ya mto, na kabla ya kulala anaipangusa vumbi.

"Dada, wewe uko kule kila siku," akasema. "Niambie basi, nitegemee nini?"

Nyumbani walikuwa wanajua kwamba nauza maji na kofia.

"Tegemea kusimama," nikamwambia. "Atachelewa, mtababuka na jua, halafu atakuja kuwaambia alichelewa kwa sababu alikuwa anawaombea."

"Una wivu tu."

"Atavua koti awarushie. Usiligombanie, wana sanduku zima la makoti yale."

"Mama, umemsikia dada?"

"Na taulo la jasho likikuangukia, litupe mbali. Lile halijafuta jasho la mtu yeyote. Linachovywa kwenye ndoo."

Mama alikuwa anakunja nguo kitandani. Akacheka. "Mwache mwenzio afurahi, na wewe. Siku hizi kila kitu kwako kinanuka."

Kinanuka kweli, mama. Nimelala miguuni pa yule mtu, namjua. Kila baada ya kumgusa shabiki anakwenda nyuma ya pazia, anamiminiwa spiriti mikononi, anajisugua mpaka kwenye viwiko kama aliyeshika matapishi. Kuna mwanamume mzima na ndevu zake ambaye kazi yake ni kumshikia kikombe cha kutemea. Mara ya kwanza kuona vile nilijifuta paji la uso kwa mkono wa gauni. Kisha nikaenda kuanguka.

Tiketi zilikuwa zimekwisha zamani. Mdogo wangu hakuwa nayo. Akakaa ukingoni mwa kitanda na nguo zake mpya, ananitazama.

"Wewe uko ndani huko," mama akasema, "unashindwa nini kumpitisha mdogo wako?"

Nilikuwa na kitambaa cha njano cha akiba. Mlango wa nyuma, ukiwa na kitambaa kile kichwani, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Nikampa.

"Ukishaingia tu, kivue."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia. Kivue."

"Dada, nimesikia."

Mlango wa nyuma tulipita kama tunaingia kwetu. Mlinzi hata jina hakutuuliza. Ila mkoba wa mdogo wangu aliukamata, akautupa kwenye rafu pamoja na mingine.

"Maembe hayabebi mkoba," akasema.

Ndiyo sheria ya pale. Mtu mwenye mkoba haanguki vizuri, mkono unaukumbuka mkoba.

"Maembe gani?" mdogo wangu akaniuliza.

"Utani wa humu ndani."

Akacheka. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na dawa yake ya kuvuta. Mimi nilijua na yeye alijua. Nikataka kumwambia mlinzi, lakini kumwambia ni kukiri kwamba huyu niliyemleta si embe. Nikajisemea nitamtoroshea baadaye. Bi Redio akaniita, nikaenda. Sina cha kujitetea, nawaambieni kama ilivyokuwa.

Ninyi mliokwisha nunua tiketi za tamasha lijalo, msije mkasema hamkuambiwa. Alichelewa. Watu wakapigwa jua, wengine wakawa wamejifunika maboksi kichwani. Alipotokea akashika kifua, akasema, "Nimezunguka kote, lakini wa kwangu ni ninyi." Hayo alisema na kule tulikotoka, na kule tulikokuwa kabla ya kule, kwa sauti hiyohiyo, na kifua alikishika palepale.

Koti likaruka. Taulo likaruka. Wanawake wawili wazima, wenye heshima zao, wakalishika taulo kila mmoja na upande wake, na mmoja akamng'ata mwenzake mkono. Aliyeshinda akalikandamiza usoni, akavuta pumzi ndefu. Maji ya ndoo yale. Mimi niliyaona yakichotwa kwenye bomba la kuoshea miguu.

Nilikuwa upande wa kushoto wa jukwaa, nimeshaiva, macho yananiwasha kwa ile dawa ya mafua. Nangoja wimbo wa polepole. Bi Redio yuko pembeni yangu.

Redio yake ikakoroma. "Embe limeanguka. Upande wa kulia."

Bi Redio akanigeukia. Mimi nimesimama.

"Nani huyo anaanguka kabla ya wimbo?" akasema. "Embe bovu gani hilo?"

Nikainua macho kwenye skrini kubwa. Kamera ilikuwa inatafuta njano, kama ilivyofundishwa, na njano ikaipata. Mdogo wangu amelala ubavu kwenye vumbi, mkono mmoja kifuani, kitambaa changu kichwani. Hakukivua. Nadhani aliona kimempendeza.

"Huyo si embe," nikasema. "Ni mdogo wangu. Ana pumu."

"Amevaa kitambaa."

"Nimempa mimi."

Bi Redio akanitazama kama aliyekanyaga kitu barabarani, halafu akakiinua kile kidude chake mdomoni. "Msimguse bado. Kamera isogee kwanza."

Sikungoja. Nikapita chini ya vizuizi vya chuma, nikawasukuma watu, nikakanyaga miguu ya watu. Niliishia mbali naye, umati umeshonana kama nyuzi. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Daktari! Mwiteni daktari!"

Ndugu zangu, nilimaanisha daktari. Mtu wa hospitali, mwenye kipimo shingoni.

Msichana aliyekuwa mbele yangu akageuka, macho yanamng'aa, akadakia. "Daktari!" Rafiki yake akadakia. Mstari wote ukadakia. Kufumba na kufumbua uwanja mzima unaimba Da-kta-ri, Da-kta-ri, na mikono juu. Kwenye hema la huduma ya kwanza kulikuwa na muuguzi wa kweli. Alisikia, akadhani tunamwita mtu wetu, akaendelea kukunja bandeji zake.

Mtu wetu naye alisikia. Akanyamazisha wapiga vyombo kwa kidole kimoja.

"Mmeniita," akasema. "Nami nimekuja."

Wakampandisha mdogo wangu jukwaani kwenye machela. Daktari akapiga goti. Akamgusa paji la uso, akamwimbia ule wimbo wa polepole, ambao zamu yake ilikuwa haijafika. Mdogo wangu hakufumbua macho. Akamwimbia tena. Wapi. Kwenye skrini nikauona mkono wake ukiteleza nyuma ya sikio la mdogo wangu, kucha mbili zikakamata nyama na kufinya. Uwanja wote ulidhani anambembeleza.

Mdogo wangu akakohoa, lakini hakuamka. Daktari akaiona midomo yake ilivyobadilika rangi. Akaisogeza maiki mbali, bado anatabasamia kamera, akawaambia wabeba machela jambo. Mmoja wao alinieleza baadaye maneno yenyewe: "Embe bichi hili. Litoeni, linanikoholea."

Kisha akairudisha maiki. "Amekwenda kupumzika, wapendwa. Mtamwona akirudi kwa miguu yake."

Nilizunguka mbio kupitia mlango wa nyuma. Mlinzi alitaka kuniuliza kitu, nikaunyakua mkoba kwenye rafu na kupita. Nikamkuta mdogo wangu amekalishwa juu ya masanduku ya vipaza sauti, mgongo umeegemea ukuta wa turubai, kifua kinapanda na kushuka na kila pumzi inapiga mluzi. Nikamwekea dawa mdomoni.

"Vuta, mama. Vuta kidogo tu."

Alijaribu. Macho yalinambia alijaribu. Dawa ikatoka yote nje, ikamlowesha kidevu. Nikabonyeza tena, yakawa yaleyale.

Na hapo hapo, hatua chache kutoka kwetu, Daktari alikuwa ananyoosha mikono anamiminiwa spiriti.

"Ana nini huyo?" akawauliza wapambe wake. Mimi hakuniuliza. "Haiambukizi?"

"Pumu haiambukizi," nikasema.

"Mbona kanikoholea?" Akachukua maji, akasukutua, akatema. Mwenye kikombe hakuwahi. Mate yakaangukia kiatu cha mdogo wangu, kile kipya alichokivaa kwa ajili yake.

Nilikipangusa kwa kiganja. Sijui kwa nini, kulikuwa na mambo makubwa zaidi ya kiatu. Lakini nilikipangusa, na mkono ule mpaka leo nauosha na bado nauona mchafu.

"Liite gari la wagonjwa," nikamwambia Bi Redio.

"Gari liko ng'ambo ya uwanja. Njia yake imejaa watu, wamekaa chini kabisa. Wanasema hawaondoki mpaka wamwone yule msichana amesimama. Umesikia mwenyewe walivyoahidiwa."

"Basi aseme wapishe. Maiki anayo."

"Aseme nini? Kwamba ameshindwa?" Akanivuta pembeni. Alikuwa ametulia, kama mtu anayepanga viti. "Sikiliza. Mnafanana. Kitambaa unacho kichwani. Panda, simama, wapungie mkono, watu wapige makofi, wainuke, njia ifunguke. Mimi nakuletea gari mpaka hapa ulipo."

"Wenye gari wanajua kuna mgonjwa hapa?"

"Nimeshawaambia."

Nikamtazama mdogo wangu. Mbeba machela mmoja, mtu wa makamo, alikuwa amemshikilia mabega asianguke.

"Nenda, dada," akaniambia. "Fanya upesi. Mimi simwachi."

Nikaenda. Mnaweza kunitukana, nimeshajitukana kabla yenu.

Sijawahi kuifanya kazi ile vizuri kama siku ile. Nilitoka nikiyumba kidogo, nikasimama wima, nikafungua macho makubwa kama niliyeshushwa kutoka mbinguni sasa hivi. Uwanja ukapiga kelele mpaka mbao za jukwaa zikatetemeka. Hakuna aliyeona kwamba gauni si lile. Walikuwa wanatazama kitambaa.

Daktari akanishika kiuno. Mkono wake ulinuka spiriti, na mdomo wake ulinuka mchana kutwa wa kutokula.

"Mnamwona?" akawauliza. "Si huyu?"

"Ndiye," wakajibu.

Akanisogezea maiki mdomoni. "Waambie. Nani amekuponya?"

Nilikuwa naiona njia ya gari kutoka pale juu. Imejaa vichwa tu, watu wamekaa na watoto wao mapajani. Wote wananitazama mdomo. Ningeweza kusema mengine. Nilikuwa nayo tayari, yamenijaa. Lakini nikasikia mluzi wa mdogo wangu kichwani mwangu, nikasema walichotaka.

"Daktari."

Lilinitoka kama jino bovu. Wakainuka wote kwa pamoja, wanaruka, wanakumbatiana, wanakung'uta vumbi makalioni. Njia ikafunguka. Nikaliona gari jeupe mwisho wa uwanja linawasha taa yake, linaanza kuja taratibu. Nikamshukuru Mungu pale pale jukwaani, na yule mtu akadhani nainamisha kichwa kwa ajili yake.

Nikashuka mbio. "Linakuja," nikamwambia mdogo wangu. "Vumilia, linakuja." Akanishika kidole. Mluzi ulikuwa umekuwa mdogo, kama unatoka chumba cha pili.

Nikachungulia kwenye upenyo wa turubai. Gari lilifika katikati ya uwanja. Likasimama. Halafu likaanza kugeuza.

"Mbona linageuka?" nikauliza.

Bi Redio alikuwa ghafla na shughuli nyingi na nyaya zilizokuwa chini. Nikamnyang'anya redio yake, mara yangu ya kwanza kuishika.

"Gari, gari. Mgonjwa yuko nyuma ya jukwaa, njooni."

Ikakoroma, kisha sauti ya dereva ikaja, sauti ya mtu aliyechoka na wala si mbaya.

"Mgonjwa yupi?"

"Yule wa kitambaa cha njano."

"Dada, tuheshimiane," akasema. "Kwanza tulitangaziwa kwamba yule ni embe, tukae tu. Halafu nimemwona mwenyewe kwenye skrini, kasimama anaongea na watu. Tunaitwa lango kuu, kuna mtu kavunjika mguu kwa kurukaruka."

"Aliyesimama ni mimi."

"Ehee. Sasa kama umesimama, unataka nini tena?"

Ikazimika. Nikabonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Nikamtupia Bi Redio kidude chake, na sikuangalia kilimpiga wapi.

"Nipandishie mgongoni," nikamwambia mbeba machela.

"Machela ndiyo hii, tumbebe wawili."

"Machela wataona ni mchezo tena. Nipandishie."

Akanipandishia. Mdogo wangu ni mzito kuliko anavyoonekana, miguu yake ikanipiga mapajani. Nikatoka naye kupitia upenyo ule, moja kwa moja uwanjani, nalifuata gari. Taa yake nilikuwa bado naiona mbele, inakwenda polepole kwa sababu ya watu, na njia bado ilikuwa wazi. Mtu ukikaza mwendo ungelifikia. Nilikaza.

Sikukumbuka kuvua kitambaa.

"Ndiye huyo," mtu akasema. "Ndiye aliyeponywa. Hebu mwone, sasa hivi anabeba mwenzake."

Wakaanza kupiga makofi. Kisha wakaanza kusogea. Mkono ukanigusa bega, mwingine ukanigusa shavu, mwingine ukashika gauni. Hawakuwa na ubaya wowote, nyuso zao zilikuwa zimelowa machozi. Nikasema nipisheni, ana pumu, nipisheni, wakaitikia nipisheni kana kwamba ni kiitikio, na wa nyuma wakawasukuma wa mbele ili nao wanifikie.

Njia ikajifunga. Taa ya gari sikuiona tena.

Mama mmoja wa rika la mama yangu alikuwa amening'ang'ania mkono kwa mikono yake yote miwili, ameuweka kichwani kwake, amefumba macho, anangoja. Na mgongoni kwangu ule mluzi sikuusikia tena.